Mikono Nyuma, Kilimani Masha

Georgette wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, akianza kusifia kitu, majirani zake hujua kwamba hawana amani mpaka kimalizike. Mwaka maharage yake yalipozaa vizuri, kijiji kizima kilishiba sifa za maharage yale kabla hayajainjikwa jikoni. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo apate binti mwenye mkataba wa kushindana mbio za baiskeli, jina la timu limeandikwa mgongoni kwa herufi zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Alitangaza kanisani. Alitangaza kwenye foleni ya maji. Alimtangazia hata afisa mmoja aliyekuwa amekuja kukagua vyoo. Jumamosi Eliane wake angepita Masha, kilima kilicho nje ya mji wa Mbarara, na angepita wa kwanza, peke yake, wanawake wengine wote wa mbio wakiwa nyuma yake. Mwenye macho aende akaone.

Watu wa Juru si wagumu wa kushawishiwa kukiwa na safari. Walielewana na mwenye loli la mahindi, wakajazana humo na ngoma yao na filimbi, vitenge vya sikukuu vimetolewa sandukuni.

Eliane alizipata habari hizo kwa simu, akiwa Mbarara, sahani ya matoke iko mbele yake. Akaisukuma kando.

Mbio zile zilikuwa za siku tano, kila siku na njia yake. Muda wa siku zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wenzake ndiye huvaa jezi ya njano. Baada ya siku nne jezi hiyo ilikuwa mgongoni kwa Safiyah, mwenzake Eliane katika timu, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Mbarara. Aliyemfuata alikuwa karibu mno, sekunde za kuhesabia vidoleni. Na kazi ya Eliane ilikuwa Safiyah ashinde, basi. Kumkinga upepo. Kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji mgongoni, kupanda nazo tena mbele na kuzigawa. Ni kazi ya watu wenye mapafu, na anayeidharau ajaribu siku moja aone. Lakini utamwelezaje mama yako kwamba umetoka Juru, umefika kwenye mbio za watu wakubwa, na bado unachota maji? Eliane hakumweleza. Kila mama alipojipiga kifua, yeye aliuliza habari za maharage.

Ila mbio za baiskeli nazo zina ustaarabu wake. Kundi likikaribia nyumbani kwa mmoja wa washindani, siku ikiwa bado mbichi na hakuna aliyeanza fujo, huyo huachiwa atangulie, awasalimie watu wake, kisha kundi humfikia na shughuli zinaendelea. Isma, mwenye timu, alimwombea Eliane heshima hiyo pale Masha, na timu nyingine zikakubali. Eliane akampigia mama yake akamweleza mambo yote mawili, kutangulia na kufikiwa. Georgette alichukua lile tamu, lile lingine akaliachia kwenye simu.

Ni vizuri kusema huyu Isma alimpataje, maana alimpata kwa ugomvi. Isma huuza vipuri vya baiskeli mjini, na siku za gulio hupeleka mzigo Nakivale. Siku moja alimuuzia Georgette tairi lililopasuka kabla ya jua kuzama. Kesho yake Eliane alijifunga kitenge, akalivisha lile tairi bovu kwenye usukani, akapanda baiskeli nyeusi ya mama yake, na mchana akatokea dukani kwa Isma, Mbarara, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimtolea maneno mbele ya wateja. Isma alimsikiliza mpaka mwisho, akampa tairi jipya, kisha akauliza alipanda gari gani kutoka kambini. Alipoonyeshwa baiskeli iliyoegemezwa nje, akaenda kuigusa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Wiki iliyofuata alirudi Juru, safari hii bila mzigo, kuongea na mama mtu.

Kwa kweli miguu ile haikuwa na siri. Ilitengenezwa na maharage. Huko Juru wasafirishaji hufunga gunia la maharage nyuma ya baiskeli, kinga kama wanavyoiita wao, na kwenda kwa kundi, wanaume kwa wanawake, na kilima kikiwa kikali hushuka wakasukuma. Wana utaratibu wao ambao hakuna aliyewaandikia. Anayefika juu wa kwanza haendelei na safari. Analaza baiskeli majanini, anashuka tena, anashika gunia la mwenzake kwa nyuma na kusukuma naye. Wa pili akifika, naye anashuka. Kuna maji juu pale, lakini hakuna anayeyagusa mpaka Baudouin, mkubwa wao, aulize swali lake la kila siku, "Bote balifika?" Akijibiwa kwamba wote wamefika, anasema, "Basi, munywe mayi," na ndipo vibuyu na chupa hufunguliwa. Georgette alipanda vilima hivyo tangu walipofika kutoka Fizi, Kongo, na Eliane mgongoni, mpaka magoti yalipomgomea. Eliane akairithi baiskeli, na kilima pamoja nayo.

Jumamosi, siku ya tano na ya mwisho, ilifika bila kuombwa. Waliondoka Mbarara asubuhi, wazunguke na kurudi hapo hapo, hewa bado ya ubaridi, watu wamejipanga barabarani mpaka nje ya mji. Kundi lilikwenda kwa starehe, wengine wanapiga soga. Walipoanza kuliona bonde la Masha, Safiyah alimsogelea Eliane, akamgusa bega.

"Wewe enda sasa," alimwambia. "Salimia mama."

Eliane akasimama kwenye pedeli, akatoka mbele. Hakuna aliyemfuata. Barabara ilikuwa yake peke yake, migomba huku na ng'ombe wa pembe ndefu kule, na mbele, juu ya kilima, aliliona loli la mahindi. Aliuona umati. Ngoma ilikwisha mfikia masikioni. Kutoka kule juu barabara yote ya chini huonekana kama uzi uliotandazwa, kwa hiyo nao walimwona, yeye wa kwanza, peke yake, vile vile kama mama alivyotangaza. Akaona fahari. Akajiambia, acha nao wafurahi, maelezo baadaye.

Ndipo aliposikia makelele nyuma yake. Akageuka. Kundi lilikuwa limechangamka ghafla, limejivuta likawa refu na jembamba, na mkiani kabisa jezi ya njano ilikuwa inaachwa, mkono mmoja juu. Safiyah amepata pancha. Gari la timu lilikuwa mbali huko nyuma, limebanwa na magari mengine, na aliyekuwa wa pili, yule wa sekunde za kuhesabia vidoleni, alikuwa ameona nafasi yake na anakanyaga kwa nguvu zote. Ustaarabu ulikuwa umekwisha kwa siku hiyo.

Eliane alitazama juu mara moja. Kilima kimoja tu, na mama yake. Kisha akafunga breki.

Alishuka, akapindua baiskeli, akachomoa gurudumu la nyuma, akasimama kando ya barabara amelishika mkononi. Kundi likampita likivuma, kisha likaanza kupanda kilima chake, kwenda kwa watu wake. Safiyah alifika akiyumba kwenye tairi la nyuma lililokwisha upepo. Hawakupoteza maneno. Bovu likatoka, zima likaingia, na Eliane alikuwa tayari amemshikia kiti ili apande aondoke, Safiyah alipoinua macho na kuona loli na vitenge kule juu.

"Mama yako yuko pale," alisema.

"Ananiona. Enda, Safi."

Safiyah akaenda. Aliondoka kama mtu aliyekimbizwa na nyuki, na kabla ya nusu ya kilima alikuwa amewafikia wa mwisho wao.

Ngoma ilinyamaza. Eliane alisikia kunyamaza kwake kuliko alivyosikia kupigwa kwake. Alibaki na baiskeli ya gurudumu moja, magari yanampita moja baada ya jingine, na lilipofika gari la timu likiwa na gurudumu jipya, kundi lilikuwa limekwisha potelea ng'ambo. Isma alimfungia gurudumu, akampiga mgongoni, akaruka ndani ya gari kumfuata Safiyah, maana ndiyo kazi. Nyuma ya Eliane likabaki gari moja tu, lile linalofagia barabara na kuokota walioshindwa. Ukilipanda hilo, umetoka mbioni.

Dereva wake, mzee mmoja wa Ruharo, pale pale Mbarara, aitwaye Dauda, alishusha kioo. Alikuwa amekwisha elewa loli lile ni la nani. Hakuwa na nia mbaya.

"Panda, binti yangu," alisema. "Vioo vyangu ni vyeusi. Tutawapita, hawatakuona."

Na hapo, wacha niseme ukweli, Eliane alitamani. Alitamani kile kiti cha nyuma kuliko alivyowahi kutamani jezi yoyote. Angempita mama yake umbali wa mkono mmoja na mama asingejua, na jioni angetafuta uongo wa kumpa, ugonjwa au ajali. Mama wa watu ametangaza mpaka kwa mkaguzi wa vyoo, halafu binti aje wa mwisho, peke yake, nyuma ya mwisho. Akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Kisha akakumbuka kwamba hajawahi kuacha mzigo nusu ya kilima hata siku moja, akaona aibu kwa ule mkono, akauondoa. Akamshukuru mzee na kupanda baiskeli yake.

Kilima kile si kirefu, ila siku hiyo kiliongezwa. Eliane alipanda macho yakiwa kwenye lami. Alisikia miguu inateremka mbio kumjia, ndipo akainua uso. Juru nzima ilikuwa inashuka. Mbele yao Baudouin, shati limefunguka, na nyuma ya Baudouin, magoti yake yote mabovu, Georgette.

Hawakuja kumpokea. Walikuja kusukuma. Mtu yuko peke yake katikati ya kilima, wao wako juu, wangefanya nini kingine? Baudouin alikuwa amekwisha nyoosha mikono kuelekea kiti cha baiskeli Eliane alipomwomba, pumzi juu juu, asimguse. Alieleza kwa vipande, huku anakanyaga. Ni mwiko. Akisukumwa ataadhibiwa, pengine atatolewa kabisa, na mwamuzi yumo katika gari lile la nyuma, anatazama.

Watu walirudi hatua moja, wamechanganyikiwa, mikono imebaki hewani. Watu ambao maisha yao yote hawajaacha baiskeli ipande peke yake wanaambiwa watazame tu. Mmoja akaanza kunung'unika kwamba sheria gani hiyo isiyo na utu. Georgette ndiye aliyemkata. Alikuwa akimtazama binti yake, na Eliane alingojea neno la aibu, au swali la kwa nini.

"Tuliona yote kule juu," Georgette alisema, akihema. "Ulisimama, ukatoa kipande ya kinga yako, ukapatia mwenzako. Mimi njo nilikufundisha ile." Kisha akawageukia wenzake. "Mikono nyuma, bote. Tukimbie naye."

Akafunga mikono yake nyuma ya mgongo, kitenge kinapepea, akaanza kukimbia. Baudouin akafunga ya kwake. Na Juru yote, wazee kwa wasichana, wenye viatu na wasio navyo, wakapanda kilima cha Masha pande zote mbili za baiskeli moja, mikono imefungwa mgongoni kama watu waliokamatwa, wanaimba wimbo wa kupandishia maharage. Hakuna aliyemgusa. Dauda alikuja nyuma polepole, vioo ameshusha. Eliane alilia na kukanyaga, na hakujua kama amewahi kupanda kilima chepesi namna ile. Alipovuka juu na kuanza kuteremka aligeuka mara moja tu. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya barabara, amepinda kwa kuhema, mikono bado iko nyuma.

Alifika Mbarara wa mwisho, lakini ndani ya muda unaoruhusiwa. Safiyah alikuwa hapo mstarini amevaa njano, na ilikuwa njano yake sasa, hakuna wa kumvua. Walikuwa wamemwita jukwaani akawaambia wasubiri kidogo.

Jioni Georgette alipiga simu. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba. Aliuliza kama Eliane amekula, akalalamikia magoti, akasimulia jinsi Baudouin alivyopoteza kiatu na jinsi afisa wa vyoo atakavyopewa habari hizi Jumatatu, apende asipende. Eliane alimngoja aulize nafasi aliyoshika. Hakuuliza. Nyuma yake loli lilikuwa linanguruma.

"Mu timu yenu," Georgette alisema, "bote balifika?"

"Bote, mama. Mimi njo nilikuwa wa mwisho."

"Basi," Georgette akasema. "Unywe mayi, mutoto yangu."