Chumba cha Tisa cha Ofisi ya Watugembol

Kuanzia tarehe mosi Januari, ofisi zote za tarafa zitaachana na karatasi. Nyaraka zitahifadhiwa ndani ya kompyuta mpakato ya kikazi, yenye diski isiyopungua gigabaiti mia tano na kumi na mbili, ili kazi ya serikali iwe nyepesi, ya haraka, na isiyochukua nafasi. Ndivyo ulivyosema waraka wa wilaya, na sisi wa tarafa ya Watugembol, hapa Java, hatuna desturi ya kubishana na waraka.

Mzigo ulimwangukia Bu Ngatinah (kwetu Bu ni Mama, Pak ni Baba, na Mas na Koh ni Kaka), mtunza mali wetu kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na pensheni haitoki mpaka mkaguzi atie saini kwamba kila kitu kilichomo daftarini kimeonekana kwa macho, kikiwa kizima na kibandiko chake cha namba. Hakulichukulia mzaha jambo hilo. Pak Wasito, aliyemtangulia katika kazi, alistaafu miaka sita iliyopita, na hadi leo huja kila Ijumaa kutafuta feni moja iliyokosekana siku ya ukaguzi wake.

Nilimsindikiza mpaka mji wa Solo, dukani kwa Koh Sien, muuza kompyuta. Koh Sien alipanga laptopu nne mezani, akaanza kuzisifu: hii ina kasi, hii betri yake haijui kuchoka. Bu Ngatinah alizilaza zote kifudifudi, akatoa rula.

"Unapima nini, Bu?"

"Kibandiko changu ni sentimita saba kwa nne. Hii tumbo lote matundu. Nibandike wapi?"

"Matundu ni ya hewa."

"Hewa haimo daftarini, Koh."

Ndivyo ilivyochaguliwa kompyuta ya kikazi ya Watugembol: nyeusi, nzito, tumbo bapa. Tatizo, katika orodha ya bei za serikali mashine hiyo huja na diski ya gigabaiti mia mbili na kitu, na orodha haiguswi. Koh Sien akashauri diski ya pili inunuliwe kwa risiti yake.

"Chukua terabaiti moja kabisa," alisema. "Mtaingiza tarafa nzima humo na ng'ombe wake."

Akafungua skrubu, akapachika kijibamba kisichozidi ukubwa wa bazoka ya kutafuna, akafunga, na juu ya skrubu akabandika stika nyekundu. Stika ikichanika, dhamana imekwisha. Alifanya hayo kwa dakika sita, na Bu Ngatinah akamsifu.

Tulikuwa karibu kufika nyumbani Bu Ngatinah alipozitoa risiti mkobani.

"Risiti mbili," alisema. "Risiti mbili ni vitu viwili. Vitu viwili, vibandiko viwili."

Kibandiko cha pili kilikuwa bado mkobani mwake.

Akiifungua laptopu ili diski ionekane, stika itachanika, na laptopu itaandikwa "imeharibika". Asipoifungua, diski itaandikwa "haijaonekana". Pak Camat, mkuu wetu wa tarafa, alipoombwa ushauri, alisema ana imani kubwa na Bu Ngatinah, kisha akaenda kufungua mashindano ya voliboli.

Mkaguzi alikuja Ijumaa ya pili ya Machi. Mas Ardhana alikuwa kijana mpole, na alikataa chai na tempe, ile soya ya kukaanga, mpaka amalize kazi, jambo lililotutia hofu. Alihesabu viti. Alihesabu vikombe vya ushindi. Kisha akafika penyewe.

"Diski iko wapi, Bu?"

"Ndani ya laptopu."

"Naomba niione."

"Nikifungua, utaandika laptopu imeharibika."

"Itanibidi."

"Na nisipofungua?"

"Samahani, Bu. Mimi nafuata fomu tu."

"Na mimi aliniambia hivyohivyo yule mkaguzi wangu," ilisema sauti ya Pak Wasito kutoka nyuma ya kabati.

Bu Ngatinah aliketi. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilining'inia kadi ya chumba. Kila chumba cha serikali, na vyetu ni vinane, kina kadi kama hiyo, inayoorodhesha kila kilichomo na jina la msimamizi. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyostahili kutazamwa kadi.

"Mas, ule mwaka wa uchaguzi, kile chumba cha masanduku ya kura ulikikaguaje?"

"Kilikuwa kimefungwa kwa lakiri. Nilisoma kadi mlangoni, nikaandika."

"Hukuingia?"

"Hairuhusiwi kuvunja lakiri."

Bu Ngatinah akachukua kadi tupu, akaijaza kwa mwandiko wake wa kishule. *Chumba: namba tisa. Ukubwa: sentimita thelathini na sita kwa ishirini na tano. Mlango: umefungwa, lakiri nyekundu, nzima. Kilichomo: diski moja, hali nzuri. Msimamizi: Ngatinah.* Akabandika kile kibandiko cha pili pembeni, akaifunga kadi kwa uzi kwenye kifuniko cha laptopu.

"Hiki si chumba, Bu."

"Fomu inasema chumba ni nini?"

Mas Ardhana alifungua fomu, akapekua hadi mwisho. "Mahali pa kuhifadhia mali," alisoma polepole, "penye msimamizi." Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. "Haisemi kama lazima mtu aweze kuingia."

"Basi."

"Chai bado ipo?" aliuliza Mas Ardhana, na hapo tukajua ametia saini.

"Feni yangu nayo ingefaa kuwa ndani ya chumba," alisema Pak Wasito, lakini kwake hapakuwa na fomu.

Bu Ngatinah alistaafu tarehe thelathini na moja Machi, na siku hizi anafuga bata. Chumba kikishaandikishwa hakifutiki, kwa hiyo namba tisa ina kadi yake katika nakala nne, ripoti ya usafi ya kila mwezi, na ombi la ufagio mmoja, lililokubaliwa. Karatasi hizo sasa zimejaza droo moja na nusu. Diski haijawekwa kitu.