Darasa la Saba Kwenye Ufuta wa Mwalimu Bakary

Mwalimu Bakary alimnyima Sauda masomo ya darasa la saba. Hilo lisemwe wazi kwanza, maana afisa elimu amempa zawadi ya ualimu bora, na wageni wanaweza kudanganyika.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika mpaka vijijini nyuma ya Kivinje, bei ya ufuta ikapanda. Mshahara wa mwalimu ulikuwa unakuja ukipenda. Bakary akalima shamba kubwa, na darasa zima likawa linaingia shuleni kwa wimbo, linatoka na majembe. Walimu walikuwa wawili tu, na mkuu alikuwa na shamba lake. Mboni, mama yake Sauda, hakusoma hata siku moja, ila alijua kuwa mtoto anayerudi na udongo magotini hajatoka kwenye hesabu. Alitaka kitu kimoja tu: Sauda achaguliwe sekondari.

Ufuta ulipokatwa na kusimamishwa matita kwenye chanja ukauke, Mboni akawakusanya kina mama wenzake, wakaenda shambani na fimbo.

"Shikamoo, mama Sauda," Bakary akasema, jicho kwenye zile fimbo.

"Marahaba. Tumekuja kukupigia ufuta."

"Mungu awabariki, mama zangu!"

"Atatubariki baadaye. Ubao uko wapi?"

Masharti yalikuwa mepesi. Ubao uegemezwe kwenye chanja, watoto wakae chini, mwalimu afundishe. Akinyamaza, fimbo zinalala. Na ufuta uliokauka haumngoji mtu: maganda yanajifungua yenyewe, mbegu zinamwagika mchangani.

Bakary alifundisha kama anayekimbizwa na nyuki. Akakohoa, akashika kata ya maji. Fimbo kimya.

"Mwalimu, maganda yanafunguka," Samia, jirani yake Mboni, akamkumbusha kwa upole.

"Jamani, hata maji nisinywe?"

"Kunywa, baba. Halafu utuambie hicho kitenzi kilifanya nini."

Kiswahili kikaisha, jiografia ikaisha. Zilibaki sehemu na asilimia, ambazo Sauda alikuwa hazijui hata kwa sura. Lakini mwalimu akatanguliza historia, akafika vita vya Majimaji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kina mama wale ni Wamatumbi, babu zao walipigana vita hivyo. Bakary kila akitamka "Mjerumani," fimbo zilishuka kama mvua.

"Huyu wangu!" Samia akapiga kelele, akalishukia tita.

"Mwachie na mwingine, shoga!"

Mboni mwenyewe alipiga mpaka kilemba kikamdondoka. Jua lilipopinda Wajerumani walikuwa wamekwisha, na ufuta nao umekwisha.

Wakatazamana. Bakary alikuwa ameshaanza kufunga magunia.

"Hesabu tutamalizia shuleni, mama zangu," akasema, sauti imerudi ghafla.

Kesho yake akaenda Kivinje kutafuta mnunuzi mwenye bei nzuri. Mnunuzi huyo alipatikana mtihani ulipokwisha.

Darasa liliongoza tarafa nzima kwa Kiswahili na maarifa, yaani historia na jiografia. Sauda aliyajibu ya Majimaji yote, mpaka na yale ambayo hayakuulizwa. Kwenye hesabu alianguka, hakuchaguliwa, na mtihani ule haurudiwi.

Mwalimu Bakary bado anadaiwa sehemu zote na asilimia zote. Anayemdai ni Sauda.