Chuo cha Magodauni

Ofisini walimwita Mama Ngazi, ingawa hakuwa na mtoto. Michoro ya ngazi iliyowashinda wengine iliishia mezani kwake, na kwake ngazi zilikaa sawa. Alikuwa na shahada ya kwanza ya usanifu majengo, lakini bila uzamili asingesajiliwa, na bila usajili michoro yake iliendelea kutoka kwa sahihi ya bosi.

Aliomba vyuo viwili, vyote vikamkubali. Cha kwanza kilikuwa chuo cha jina. Ukikitaja, watu wanakaa vizuri kwenye viti. Ada yake nayo ilikuwa ya jina. Cha pili kilikuwa pembeni mwa mji, kwenye majengo yaliyokuwa maghala ya matairi. Watu walikiita chuo cha magodauni, na ada yake angeimudu kwa mshahara wake.

Dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, hakuona cha kujadili.

"Nenda chuo cha jina. Mkopo tutachukua pamoja."

"Dada, mkopo huo utatuzeesha."

"Kwani sasa tunarudi utotoni? Watu wakiniuliza mdogo wangu anasoma wapi, niwaambie kwenye matairi?"

Kesho yake alimfuata bosi, ambaye cheti chake cha chuo cha jina kilitundikwa mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa. Bosi alivua miwani, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Usione vyaelea, vimeundwa," alisema. "Na hiki kimeundwa kwa mkopo. Sikudanganyi, jina lilinifungulia milango. Nilitaka kujenga shule. Lakini deni halisubiri shule ipate wafadhili, kwa hiyo nimejenga vituo vya mafuta mpaka nimeota mvi."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Sijasema hivyo. Nenda ukaone kote kuwili, ndipo uamue."

Akaenda. Chuo cha jina kilikuwa kizuri kweli: maktaba ya ghorofa tatu, na karani mpole aliyemtembeza kote. Alipouliza kuhusu profesa ambaye vitabu vyake alivisoma tangu mwaka wa kwanza, karani alitabasamu. Profesa huja mara moja kwa muhula, akatoa mhadhara, akaondoka.

Kwenye magodauni hakukuwa na wa kumtembeza. Alimkuta mwalimu mmoja, mama mrefu mwenye vumbi la kadibodi hadi kwenye nyusi, amepiga magoti sakafuni na wanafunzi wake mbele ya mfano wa zahanati.

"Wewe mgeni, hebu njoo. Ngazi hii unaionaje?"

Mama Ngazi akajibu kwa kujiamini kwamba vipimo viko sawa na angeichora vivyo hivyo.

"Vipimo viko sawa," mwalimu akakubali. "Sasa mbebe mgonjwa kwenye machela, ukate kona hapo."

Akajaribu kwa macho. Machela iligoma. Miaka yote aliyochora ngazi hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Aliona haya kidogo, kisha akajikuta amepiga magoti na wenzake, wanabishana mpaka chai ya mwalimu ikapoa.

Kabla ya kuondoka aliuliza kuhusu usajili. Bodi ya wasanifu ilikitambua chuo. Akampigia simu mhitimu mmoja wa hapo, naye hakumficha: "Utabisha hodi nyingi kuliko wenzako. Ila ukishaingia, kazi utaijua."

Alipomweleza dada yake kwamba amechagua magodauni, dada alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Kwa siku kadhaa mazungumzo yao yalikuwa "eeh" na "chumvi iko wapi." Kisha Jumamosi moja dada akafunga duka mapema, akaenda magodauni peke yake, akarudi na vumbi viatuni.

"Pachafu," alisema akivua viatu. "Lakini watoto wa watu wanafanya kazi pale, nimewaona. Na yule mwalimu wako sketi imefumuka pindo. Mwambie aniletee."

Akajiunga. Asubuhi alichora ofisini, mchana alisoma, na mwaka wa pili darasa lao lilijenga kweli chumba cha wajawazito kusubiria kwenye zahanati moja. Baada ya kuhitimu alibisha hodi kwenye ofisi nyingine, kama alivyoambiwa. Ofisi mbili ziliuliza chuo zikamshukuru kwa kuja. Ya tatu, ya wasanifu wawili juu ya duka la rangi, iliomba ionyeshwe kitu alichokijenga. Akawapeleka kwenye ile zahanati. Wakakaa kwenye benchi na akina mama waliokuwa wakisubiri, wakawauliza kama mchana kuna joto. Wakajibiwa hapana, hapa upepo unapita.

Jumatatu alianza kazi. Sasa amesajiliwa, na mezani kwake kuna shule ya msingi yenye madarasa manane. Anabishana na mhandisi kuhusu madirisha ya kupitisha upepo, na mhandisi ameanza kulegea.