Anayelipwa Kusubiri Simu ya Kodi

Saa mbili na nusu asubuhi, simu tatu zimelala mezani kwenye baraza ya duka la vifaa vya ofisi. Zote zimechomekwa chaji, zote zinatoa muziki uleule. Nyuma ya meza, mwanamke anayejulikana mtaani kama Mama Laini anafuma sweta ya mjukuu wake, masikio yakiwa kazini.

Kazi yake ni kusubiri. Mtu akikwama kujaza ritani ya kodi, hupiga simu ofisi ya kodi apate msaada, na mhudumu hupokea baada ya dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Nani ana muda huo? Basi humwachia Mama Laini simu na hela ya soda mbili, kisha huenda zake. Simu ikipokelewa, mwenyewe huitwa aje mbio.

"Mtaji wangu ni makalio," anasema bila kucheka. "Kukaa tu."

Ana sharti moja: hajibu kwa niaba ya mtu. Aliwahi kujibu, mwaka juzi, kwa ajili ya msusi mmoja. Mhudumu akauliza tarehe ya kuzaliwa, yeye akabahatisha, akaunti ikafungwa wiki tatu. "Msusi yule hanisalimii mpaka leo. Na ana haki."

Simu ya katikati leo ni ya fundi seremala. Anataka cheti cha kodi, kwani bila hicho zabuni yake ya kutengeneza madawati mia mbili haitapokelewa, na mwisho ni saa sita mchana. Mfumo unasema hajawasilisha ritani ya mwaka jana. Yeye anaapa alijaza.

Saa nne kasorobo muziki unakatika. "Karibu, nikusaidie nini?"

Fundi yuko karakana. Mwenye duka anatoka mbio kumwita, akiacha mashine ya fotokopi ikitema karatasi.

"Wewe ndiye mwenye akaunti?" mhudumu anauliza.

"Si mimi, mwanangu. Yuko njiani."

"Mama, sisi haturuhusiwi kusubiri."

"Ala! Mimi nimewasubiri saa nzima na robo!"

"Pole, mama. Kama huna swali lako mwenyewe, nakata."

Mama Laini anaweka sindano chini. Swali lake analo, na amelikwepa miaka saba. Ameshikia laini mamia ya watu, na yeye hajawahi kujaza ritani hata moja, kwa kuogopa faini.

"Ninalo," anasema, na anataja namba ya kitambulisho chake, tarakimu moja moja, taratibu kupita kiasi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nasubiri nyinyi mpokee."

Mhudumu anacheka, na anapomaliza kucheka anamweleza ukweli: ritani zinatakiwa, hata kama kipato hakifikii kulipa kodi. Za miaka yote saba. Ana mpaka mwisho wa mwezi kabla faini haijaanza kuhesabiwa.

"Zote saba?"

"Zote, mama."

Fundi anaingia akihema, vumbi la mbao kichwani, na kunyakua simu. Inabainika alijaza kila kitu ila hakubonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Dakika sita, kwisha. Saa tano na robo cheti kinatoka kwenye printa ya duka.

"Dada, umejiponza kwa ajili yangu," anasema anapoelezwa yaliyotokea.

"Nilikuwa naogopa, na bado naogopa. Lakini madawati mia mbili, jamani! Ningekaaje nikuangalie?"

Matokeo ya zabuni yatatoka mwezi ujao. Mama Laini naye ana hesabu zake: akishamaliza ritani zake apate cheti, atapanga chumba cha kazi yake kwenye jengo la soko, ambako bila cheti hawampangishi mtu.

Jumatatu atapiga simu yake mwenyewe. Fundi amejitolea kumshikia laini, bure. Mama Laini amekataa.

"Wakipokea," anasema, "wanikute mimi."