Mkono Ambao Sikumwonyesha

Nimepiga kafi peke yangu miaka mingi, na si kwa kupenda. Mwalo wetu wote, pale tunapoegeshea mitumbwi Musoma, unajua kwamba nina mdomo. Niliwahi kuvua na wenzangu watatu kwa nyakati tofauti, na wote niliwagombeza mpaka wakashuka. Mke wangu naye alishuka, tuseme hivyo, akaenda kukaa kwa binti yetu Mwanza. Basi nikanunua mtumbwi mdogo, nikabaki na ndoano zangu.

Jirani yangu hapa Kitaji alikuwa kinyume changu kabisa. Yeye na mkewe walivua pamoja tangu waoane, mke amekaa mbele, mume nyuma. Watu walisemaga mwanamke mtumbwini ni mkosi, wao wakarudi na sato wa kutosha, maneno yakaisha. Nilikuwa nawaona wakipita wanabishana na kucheka, nami najifanya nafungua kamba. Niliwaonea wivu, sifichi.

Mwaka jana jirani akaanguka na kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakabaki machache mdomoni. Kaka yake, mkulima wa pamba huko Bunda, akaja na shauri lake: akimaliza kuvuna atakuja kuwachukua wakaishi shambani, na mtumbwi uuzwe. "Chombo cha watu wawili kimebaki na mtu mmoja," alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Shemeji yangu, maana ndivyo ninavyomwita mke wa jirani, akamjibu kwa adabu kwamba mumewe akiamka siku tatu bila kuliona ziwa atakufa. Yule kaka akafikiri, akasema sawa, nikija nikakuta mtumbwi unafanya kazi, nitawaacha.

Kesho yake shemeji alikuwa mlangoni kwangu. "Nifundishe kupiga kafi peke yangu," alisema. "Wewe si ndiye mtaalamu wa upweke?" Alikuwa anatania. Nilicheka, lakini iliniuma.

Asubuhi ya kwanza nikamkalisha nyuma, nikaweka jiwe mbele ili mtumbwi usiinue pua. Nikapanda wa kwangu, nikamfuata ubavuni. Ebo! Alipiga kafi kulia, pua ikaenda kushoto, akazidi kupiga kulekule, akawa anazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Mwaloni watu waliangua kicheko.

"Mbona hubadili upande?" nikamfokea.

"Sijaambiwa!" akanirudishia, macho yamemtoka.

Nikaelewa. Miaka yote hiyo mumewe ndiye aliyekuwa akiita kutoka nyuma, "Geuza!" ndipo wabadilishane pande. Yeye alijua kupiga kwa nguvu, akisubiri kuambiwa. Basi nikawa naita mimi. "Geuza!" anahamisha kafi kushoto. "Geuza!" anarudisha kulia. Tukaenda hivyo mpaka kwenye mawe na kurudi, amelowa jasho, anacheka.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na nitalisema lilivyo. Mtu wa nyuma hana haja ya kugeuza kila mara. Akimaliza kuvuta kafi analikunja nje kidogo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto, na mtumbwi unanyooka. Ni kazi ya mkono tu, inafundishika asubuhi moja. Yeye hakuwahi kuiona kwa sababu maisha yake yote ya uvuvi alimpa mumewe mgongo. Mimi nikawa nafanya hivyohivyo kila siku, mtumbwi wangu nyuma kidogo ya wake, asikoangalia. Sikumwambia.

Sikumwambia kwa sababu nilikuwa mpweke. Alikuwa anakuja na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha. Tukipumzika kwenye mawe ananisimulia habari za soko la Iringo, nani kagombana na nani, nami namsimulia ng'ombe wa baba yangu kule Butiama walivyokuwa wakorofi. Nilianza kunyoa ndevu. Nilikuwa naamka nina hamu ya kuamka, jamani, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Na nilijua akishajua ule mkono hatanihitaji tena.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, tuko palepale. Nikimwacha kidogo aende mwenyewe, anasahau kugeuza, upepo unamzungusha, anarudi macho mekundu.

"Shemeji, wameanza kuvuna Bunda," aliniambia siku moja.

"Haraka haraka haina baraka," nikamjibu.

Mungu anisamehe. Nilijua kabisa kinachomngoja, na nikampa methali.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, mkewe yuko jikoni. Akaniuliza kwa taabu, "Bado... geuza?" Nikasema bado. Akanitazama. Kisha akainua mkono wake mzima, akavuta kafi lisilokuwepo, na mwishoni akakunja kiganja nje.

"Huu," akasema. "Umemwonyesha?"

Nikatikisa kichwa. Hakunigombeza, hata kama angeweza kuongea vizuri nadhani asingenigombeza. Machozi yalimtoka tu, na mimi niliyezoea kufokea watu nikakosa pa kuweka uso.

Jumatatu nikatangulia mbele yake. "Niangalie mkono," nikamwambia, nikampa mgongo. Akaniangalia. Alikosea mara chache, akatukana kidogo, na kufikia saa tatu mtumbwi wake ulikuwa unanyooka. Akaenda mpaka mbali, nikamwona mdogo kabisa, akarudi bila mtu kumwitia neno. Alipofika karibu yangu akaweka kafi magotini.

"Shemeji, hili ulilijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilisahau," nikasema.

"Mtu hasahau mkono wake."

Akachukua kafi, akaenda zake.

Kaka wa Bunda alikuja wiki hiyohiyo. Alisimama mwaloni akamwona anarudi na samaki, akala mlo mmoja, akapanda basi la kurudi peke yake. Mgonjwa bado anakaa uani, na ziwa analiona.

Siku hizi shemeji anatoka mapema kuliko mimi. Tukikutana ziwani ananisalimia vizuri, ananiuliza kama nimepata kitu, hana maneno makali. Ila hasimamishi mtumbwi. Ninalo neno la kumwambia na wala si refu: nilikuchelewesha kwa sababu nilipenda zile asubuhi. Nikimwona anakuja huwa naanza kulipanga. Nikifika katikati ameshapita, maana sasa anaenda kasi.