Binti wa Mfumo

Siku niliyomwona mara ya kwanza, binti wa mfumo alikuwa ameifunika kompyuta yake kwa mfuko wa nailoni, maana ghala letu la asali hapa Itigi linanata hadi kwenye vitasa. Alikuja kuweka mfumo wa kuunganisha mapokezi, stoo na mauzo. "Shikamoo, baba," akanisalimia. Niliitikia nikitazama ndoo, nikiwaza kwamba sasa mtunza stoo kama mimi hahitajiki tena. Kila alipotaka kubofya alipangusa kidole kwenye kitenge, akajiambia, "Twende taratibu." Siku ya tatu alinionyesha orodha yake: ndoo zote zimeandikwa asali tu. Nikajikaza, nikamnong'oneza kwamba asali ya nyuki wadogo watu huinunua kama dawa, haichanganywi na ya nyuki wakubwa, na mimi huzitenga ndoo zake kwa alama za chaki. Akaonja zote mbili, akafumba macho, akacheka. "Baba! Ungeniacha nichanganye?" Akafuta kazi ya siku tatu, akanivutia kiti, nikawa namtajia ndoo moja moja naye anaandika. Kazi ilipokwisha nilimsindikiza stesheni; treni yake ilipoanza kuondoka, alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Nimewaambia wakubwa wako, mfumo ukikwama wakuulize wewe kwanza, mimi baadaye!"