Nilinunua router ya open source ili nijue nani anamaliza bando nyumbani, nilichokiona kimeniacha mdomo wazi

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa bado sijakaa sawa. Sitatia chumvi, maana mimi ndiye yule anayewasumbua humu kila siku na "chanzo chako ni kipi?" Leo chanzo ni sebule yetu, Katubuka, Kigoma.

Mzee wangu ni mstaafu wa serikali, alihamishiwa huku kikazi tukabaki. Nyumbani tunatumia router ya 4G ya kampuni ya simu, bando la mwezi.

Uani tuna chumba cha kupangisha. Mpangaji ni Furaha, dada fundi cherehani, kwao ni watu wenye asili ya Congo. Mama yake anaishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Alipohamia, bi mkubwa, mama yangu, alimpa password ya WiFi ili awe anaongea na mama yake kwa video.

Muda si mrefu bando la mwezi likawa halifiki hata nusu ya mwezi.

Mzee hakuhitaji uchunguzi. Ni Furaha. Eti watu wa ng'ambo wakifungua video hawafungi. Akampa mpaka mwisho wa mwezi awe ametafuta pengine.

Nikamuuliza ushahidi uko wapi.

"Chuo kilikufundisha kubisha tu," akasema. "Kabla hajaja bando lilikuwa linaisha? Basi."

Sasa hiyo siyo hoja. Jogoo akiwika jua likachomoza, hajalichomozesha yeye.

Na nieleweke: sikuwa upande wa Furaha. Nilikuwa upande wa kujua.

Ile router ya kampuni inaonyesha tu vifaa vilivyounganishwa. Haisemi nani kala kiasi gani. Ndipo nikafikiria firmware ya open source. Kwa asiyejua, firmware ni programu inayoiendesha router. Hizi za open source zimeandikwa na watu wa kujitolea, yeyote anaweza kuzikagua, na unaweza kuziongezea kitu cha kukuonyesha kila kifaa kinavuta nini na kinatuma nini.

Hapa msome taratibu, maana wengi mnapigwa.

Usinunue router kwa jina. Model ileile inaweza kuwa na version tatu, kwa nje mapacha, ndani chip tofauti kabisa. Moja inakubali firmware huria, nyingine ukijaribu inakufa. Version imeandikwa kwenye stika ya chini. Ilinganishe na orodha iliyopo kwenye tovuti ya mradi wa firmware yenyewe, siyo maneno ya muuzaji wala video ya mtu. Halafu angalia memory. Ukipata flash, yaani hifadhi, ya MB 16 na RAM ya MB 128 kwenda juu, utatulia.

Duka la kwanza pale Mwanga, hapahapa mjini, nikaomba nifungue boksi nisome stika. Muuzaji akasema router zote ni moja.

Nikasisitiza. Akaniuliza, "Bwana mdogo, unanunua au unachumbia?"

Watu dukani wakacheka, nikaondoka. Nikaja kuipata duka jingine, used, version niliyoitaka.

Angalizo: ukishaweka hiyo firmware, mara nyingi WiFi inakuja imezimwa mpaka uingie kwa waya uiwashe mwenyewe. Mimi sikujua. Nilikaa naitazama nikiamini nimeiua.

Ikawaka. Nikaichomeka nyuma ya ile ya 4G, nikazima WiFi ya zamani, na mpya nikaipa jina na password zilezile ili simu za watu zijiunge zenyewe. Nikaiacha ipime wiki nzima.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Wote tupo mezani, TV imezimwa, simu zimelala. Nafungua laptop, naona kifaa kimoja kinafanya kazi kama kiwanda.

Na hakikuwa kinavuta. Kilikuwa kinatuma.

Ni kile kiboksi cha TV cha Mzee, cha kufungua chaneli zote bure. Alikinunua karibu na siku zilezile alizohamia Furaha.

Sikuamini. Nikakifungia kwenye router, matumizi yakashuka karibu na sifuri. Nikakifungulia, yakapanda. Nikarudia. Nikachomoa na waya wa umeme kabisa. Kimya.

Nilichosoma baadaye ni kwamba baadhi ya viboksi hivi vinakuja na programu ya siri inayogeuza internet yako kuwa njia ya kupitishia shughuli za watu usiowajua. Kama chetu ni cha aina hiyo, sijathibitisha. Lakini kutuma kilikuwa kinatuma, TV ikiwa imezimwa.

Mzee akaisogeza laptop, akaiangalia mwenyewe graph ya matumizi.

Kisha nikatafuta simu ya Furaha nione ilikuwa inakula kiasi gani. Haikuwepo. Wiki nzima haikuwa imejiunga hata mara moja.

Nikamfuata uani, yupo kwenye cherehani. Nikamuuliza.

"Kaka, mimi siko natumia ile mtandao yenu tangu Baba aseme ile maneno," akasema bila kunyanyua macho. "Nikitaka kuongea na mama naenda kwa shangazi, Bangwe."

Wakuu, hebu pimeni wenyewe. Mtu alikwisha kujitoa, bando likaendelea kuisha, na sisi tukaendelea kumlaumu.

Nikamwambia Mzee. Akavaa kandambili, akaenda mwenyewe. Sijawahi kumwona akimwomba mtu radhi. Nilisikia akisema, "Mwanangu, nilikukosea. Baki."

Furaha akamshukuru, akamwambia ameshapata chumba Ujiji na cherehani moja imeshatangulia.

Aliondoka. Kiboksi hakijachomekwa tena, na bando sasa linafika mwisho wa mwezi na linabaki. Chumba kipo wazi. Madalali wamekuja, Mzee anawaambia bado.

Nilichojifunza: soma stika kabla ya kulipa, na pima kabla ya kumtaja mtu. Mimi nilipima, ila nilichelewa.

Mwenye kiboksi cha namna hii atuambie chake kinafanya nini TV ikizimwa. Na anayeona nimekosea vipimo aje na vyake, nitavisoma vyote.